Mwaka Tuliosahihishwa na Mashine

Siku mkuu wa chuo alipotutangazia kwamba mtihani wetu utasahihishwa na kompyuta, mtu wa kwanza kucheka alikuwa mie. Nilidhani ni jina la mtu. Nikajisemea, huyu naye katoka wapi, Mgoa wa mji gani huyu? Mkuu akanitazama kwa yale macho yake, nikameza kicheko changu.

"Si mtu," akasema. "Ni mashine. Iko bara. Mwaka huu mtihani hauandikwi. Unatiwa weusi."

Hapo hata waliokuwa wakisinzia wakaamka. Tulikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu hapa Unguja Mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mtihani aliokuwa akiutaja ndio ule wa kuchagua watakaokwenda chuo kikuu cha bara. Ukifaulu, unakwenda. Usipofaulu, Serikali inakupeleka skuli uliyopangiwa, na mie nilishapangiwa Makunduchi. Sina ubaya na Makunduchi, wallahi, watu wake wakarimu na samaki wao hawana mfano. Lakini mie nilikuwa na wazimu wa hesabu. Nilitaka nizisome mpaka zinishinde, na bado zilikuwa hazijanishinda.

"Mwalimu," akauliza shoga yangu tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja, "hiyo mashine ina macho?"

"Haina macho."

"Sasa inaonaje?"

Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shati, akaivaa tena. "Inaona," akasema.

Ndilo jawabu pekee tulilopata siku ile. Akatuonyesha kadi, ngumu kidogo, ina vijumba vidogo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Kila suali lina vijumba vinne. Jawabu moja ni sahihi, matatu ya uongo. Unachagua kijumba chako, unakijaza weusi kwa penseli, basi. Huandiki neno. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na njia?"

"Njia gani?"

"Njia ya hesabu. Nikikosea mwisho lakini njia yangu ni sahihi, napata nini?"

"Hupati kitu. Mashine haitazami njia, inatazama jawabu."

Nilikasirika hata nikaona joto masikioni. Njia ndiyo raha yangu mie! Nikipiga hesabu napanga mistari yangu chini kwa chini, sawa na anayesuka ukili wa mkeka, na mwalimu akifika kwenye jawabu ashajua kwamba huyu kweli anajua. Leo naambiwa hayo yote hayana mtazamaji. Shoga yangu akaninong'oneza, "Basi hata mwizi atafaulu." Nikamwambia, "Mwizi ndiye atakayefaulu wa kwanza."

Nyumbani mambo yalikuwa na uzito wake. Baba yangu alikuwa mwoka mikate, mwenye tanuri nyuma ya nyumba, na boflo zake zilikuwa na sifa. Lakini miaka ile unga ulikuwa wa foleni. Ukija unaoka, usipokuja unakaa. Siku za unga baba alikuwa mtu mwema kabisa. Siku zisizo na unga, mpite mbali. Kwa hiyo nilimwendea siku ya unga, si mjinga mie. Mikono yake ilikuwa ndani ya kinyunya mpaka kwenye viwiko.

"Baba, nataka kufanya mtihani wa chuo kikuu."

"Cha wapi?"

"Cha bara."

Akaendelea kukanda. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, akaacha ungo ukatulia. Mama alikuwa akijua kwamba baba akinyamaza hivyo, neno linalokuja ndilo la mwisho.

"Mtoto wa kike, bara, peke yake," baba akasema.

"Bwana, mwache ajaribu," mama akasema. "Kujaribu si kwenda."

Baba akapiga kinyunya mezani. "Mara moja," akaniambia. "Ukifaulu nenda, na mie mwenyewe nitakupeleka bandarini na sanduku lako. Ukifeli, nenda Makunduchi kasomeshe watoto wa watu, na habari ya chuo kikuu nisiisikie tena ndani ya nyumba hii. Mara moja tu. Umenisikia?"

"Naam, baba."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Wala hakuwa mtu wa kurejea neno. Mtaani walikuwa wakimtania kwamba hata akikuahidi kukupiga, atakutafuta mpaka akupige. Nikafurahi, maana mara moja ilikuwa inanitosha. Sikuwa nimewahi kufeli mtihani wa hesabu tangu kuzaliwa kwangu.

Basi tukaanza kujifunza kutia weusi. Cheka ukitaka. Watu wazima, walimu watarajiwa, tumeinama tunajaza vijumba. Mkuu anapita nyuma yetu, "Wewe umezidisha. Wewe umepunguza. Wewe umetoka nje." Shoga yangu, aliyekuwa hodari wa kujipamba, akasema hii ni sawa na kutia wanja, usitetemeke na usitoke nje ya jicho. Wake ukatoka mzuri kuliko wa darasa zima. Wangu ulikuwa unatapakaa.

Na maneno mjini nayo yakawa hayana mwisho. Huyu anasema mashine yenyewe kubwa kama nyumba. Yule anasema inakula kadi, ukishaitia kadi hairudi. Mwengine akasema inakaa kwenye chumba cha baridi, watu wanaoitumikia wanatoka jasho nje na yenyewe imo ndani inapepewa. Mama alipoisikia hiyo akashangaa sana.

"Ina homa?" akaniuliza.

"Haina homa mama, ni mashine."

"Mashine ya kushona ninayo hapa, haijataka baridi hata siku moja."

Mie mwenyewe nilikuwa nikilala nikiiwaza. Nilikuwa nikijiuliza itanijuaje kwamba ni mie. Mwalimu anaujua mwandiko wangu, anajua huyu ndiye yule mwenye kelele wa dawati la mbele. Mashine itanijua kwa lipi, weusi wangu unaotapakaa?

Siku ya mtihani mama alinipa chai na boflo ya moto na dua nyingi. Baba aliichagua ile boflo mwenyewe. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele alisimama bwana mmoja kutoka bara, kavaa tai, mpole, na kando yake sanduku la bati. Huyo ndiye tuliyemwita bwana wa mashine. Akatugawia kadi na penseli nyeusi laini, kila mtu yake.

"Jazeni vijumba tu," akasema. "Msiandike kitu chochote nje ya vijumba. Chochote. Mashine haijui mzaha."

"Sawa," tukaitikia ukumbi mzima.

"Anzeni."

Nikaanza. Na kabla ya kijumba cha kwanza, juu kabisa ya kadi, nikaandika kwa herufi ndogo za Kiarabu, Bismillahi. Tangu utotoni, chuoni kwa Kurani, sikupata kuweka kalamu juu ya karatasi bila ya kuanza na jina la Mungu. Ukiliacha, mwalimu wetu alikuwa akikurejesha mwanzo, na kazi yote uliyoandika haihesabiwi. Barua naanza hivyo, hesabu naanza hivyo, hata kikaratasi cha kwendea dukani. Wallahi sikuhisi kwamba nimeandika kitu. Mtu akiingia ndani anavua viatu, wala hajisemei leo nimevua viatu. Juu ya ile kadi kulikuwa na vistari vyeusi vifupi vifupi vimepangwa ukingoni, mie nikadhani mapambo tu. Nikaliweka jina katikati yake, pakapendeza.

Ukumbi mzima ulifanya hivyo hivyo. Hata mkuu wetu alipita baina ya madawati akaziona kadi zetu na hakusema lolote, maana naye alikuwa ameizoea desturi hiyo maisha yake yote. Bwana wa mashine alikuwa mbele, anaangalia saa yake.

Kijana mmoja wa darasa letu alichelewa. Huyu alikuwa mchezaji wa mpira, kijana mzuri, moyo safi, lakini kitabu na yeye ni paka na maji. Aliingia mbio, jasho linamtoka, akakaa safu ya pili kutoka yangu, akainamia kadi palepale.

Mtihani wenyewe, sijui niuelezeje. Masuali niliyajua. Lakini kila nikimaliza kulipiga kichwani, naona majawabu mawili yanafanana, nikayatilia shaka yote mawili, na mahali pa kuandika njia nijitazame hapakuwepo. Nikatia weusi, nikafuta, nikatia tena. Bwana wa mashine alipokusanya kadi na kuzifungia katika sanduku lake, nilitoka nje na sijui nimefanya nini. Shoga yangu alikuwa anacheka. "Nimetia wanja wa harusi," akasema.

Zikapita wiki. Siku tuliyoitwa kusikiliza matokeo, mkuu alisimama mbele yetu na karatasi moja, na uso wake ulikuwa umemshuka.

"Amefaulu mmoja," akasema.

Akamtaja yule kijana wa mpira. Kijana mwenyewe akageuka nyuma kutazama anayeitwa. Tukacheka, tukidhani ni mzaha, kumbe si mzaha.

"Na sisi wengine?" nikauliza.

"Wengine mashine imesema hakuna."

"Hakuna nini, mwalimu?"

"Hakuna. Imeandika sifuri. Kila mtu sifuri."

Kukawa na zogo, huyu analia, yule anapiga meza. Mie nilibaki nimesimama. Nilijaribu kuifikiri kama hesabu, maana sikuwa na njia nyengine ya kufikiri. Mtu akifumba macho akatia weusi ovyo, katika kila masuali manne atapata moja, zaidi au pungufu. Sisi tuliofumbua macho, ukumbi mzima, tumepata sifuri. Hata ujinga wa watu wote wale ukiukusanya haufiki sifuri! Hii ni hesabu gani? Nikamwambia mkuu hivyo. Akasema, "Naona unavyosema. Lakini mashine haikosei."

Nikarudi nyumbani. Haikuwa siku ya unga. Baba alikuwa kakaa barazani ameegemea ukuta, tanuri limepoa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vipi?"

"Nimefeli."

"Haya," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akainuka, akaingia ndani, akaliteremsha sanduku langu kutoka juu ya kabati, akaanza kulifuta vumbi. Sanduku lile lile, ila sasa la Makunduchi. Mama akajifunika kanga uso.

"Baba, mashine imekosea," nikasema.

"Mashine haina ugomvi na wewe, mwanangu."

Na maneno hayo yakaniingia. Kweli, ina ugomvi gani na mie? Haijanijua. Usiku na mchana nikawa najitilia shaka: labda miaka yote ile walimu walikuwa wakinihurumia tu, labda njia zangu ndefu zilikuwa zikiwapumbaza wasione kwamba jawabu sio. Nilikuwa nikijiuliza hata mbili na mbili ni ngapi. Lahaula, mtu hufika huko.

Siku chache baadaye yule kijana wa mpira akaja nyumbani. Alipiga hodi, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Nimekuja kukwambia," akasema, "mie sikuwashinda nyinyi."

"Usinifanyie dhihaka," nikamwambia. "Umefaulu, nenda zako kafaulu."

"Dada, nisikilize. Wewe unanijua. Mie nilifika pale nimechelewa, moyo unanidunda, hata sijui nilianzia wapi. Hata Bismillahi sikuwahi kuandika. Nilipokumbuka nilikuwa nshafika katikati, nikaisema kwa ulimi tu. Roho yangu haijatulia mpaka leo."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu ubaya. Nikaufunga.

"Sema tena," nikamwambia.

"Roho yangu haijatulia."

"Si hiyo. Hukuandika Bismillahi?"

"Sikuandika. Nisamehe."

Nilimwacha palepale mlangoni. Nilijitupia buibui nikatoka mbio kwa shoga yangu. Uliandika? Niliandika. Wapi? Juu, kwenye vile vistari. Nikaenda kwa mwengine, naye aliandika. Na wa tatu, na wa nne, kila niliyemgongea mlango, hata mama zao wakatoka kuniuliza mtoto wa watu umepatwa na nini. Wote waliandika. Ukumbi mzima mwenye kuacha alikuwa mmoja, na ndiye aliyefaulu. Nilifika kwa mkuu wa chuo sina pumzi.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Unataka kuniambia," akasema polepole, "kwamba watoto wangu wamefelishwa na Bismillahi?"

"Mwalimu, mie sisemi hivyo. Mie nasema mashine haikujua ni nini."

"Astaghfirullahi," akasema. Lakini akapiga simu bara.

Bwana wa mashine akarudi na sanduku lake la bati. Tukakusanyika tena ukumbini. Akatoa kadi moja, akaigeuzageuza, akaona herufi zetu juu ya vile vistari. Akatoa ya pili, ya tatu. Akacheka kidogo, akatuona hatucheki, akaacha. Akatueleza kwa upole kwamba vile vistari si mapambo. Mashine inaanzia kusoma hapo. Ndipo inapojua kadi imekaa vipi na ni ya nani. Ikikuta weusi mwengine pale inapotea, na yote yaliyo chini haiyaoni tena.

"Niliwaambia msiandike kitu," akasema.

"Hatukuandika kitu," shoga yangu akamjibu. Na alikuwa hasemi uongo.

Bwana akawaza. "Basi ni rahisi," akasema. Akaweka raba juu ya meza. "Kila mmoja aje afute ya kwake. Nitazirudisha kadi, zitasomwa upya, tumalize."

Hakuinuka mtu. Bwana akatazama huku na huku.

"Kuna nini?"

"Bwana, hilo ni jina la Mungu," akasema mtu nyuma. "Tulifute kwa raba, vumbi lake lianguke chini, tulikanyage?"

Chuoni kwa Kurani tulikuwa tukiandika kwenye vibao vya mbao, na kibao kikishajaa kinaoshwa kwa maji, na maji yale hayamwagwi ovyo, yanapelekwa mahali safi pasipokanyagwa. Raba hatukufundishwa. Pakazuka maneno. Mmoja akasema nia ndiyo inayotazamwa, atandike kitambaa afutie juu yake. Mwengine akasema kitambaa ni sawa, na raba je, jina si linabaki ndani ya raba? Wa tatu akataka aitwe sheikh. Mkuu wetu, mtu wa vitabu viwili, cha dini na cha skuli, akashika ndevu. "Naam," akasema, "hapa pana maneno," kisha yeye mwenyewe asiyaseme.

Na mie? Nilitaka chuo kikuu kuliko mtu yeyote mle ndani. Nilijua kila siku inayopita, nafasi zinakwenda. Niliinuka, nikafika mezani, nikaishika raba. Nikaitazama kadi yangu, jina lile limekaa vizuri katikati ya vistari. Nikaiweka raba chini nikarudi mahali pangu. Sijui kama ilikuwa imani au woga, na wala sijui kama Mungu alikuwa akilitaka hilo kwangu. Mkono tu haukwenda.

Bwana wa mashine akavua tai yake akaitia mfukoni. "Haya," akasema. "Nitasahihisha mwenyewe." Akatoa kadi moja iliyotobolewa matundu penye majawabu sahihi, akawa anaiweka juu ya kadi zetu moja moja, weusi unaotokea kwenye tundu anauhesabu, usiotokea anauacha. Kompyuta nzima, baridi yote ile, mwisho wake bwana mmoja na kadi yenye matundu. Tulikaa tunamtazama midomo yake ikihesabu.

Alipofika kwenye kadi niliyoshindwa kuifuta, akaninyooshea kidole. "Huyu amefaulu. Tena vizuri sana."

Nilipiga kelele. Shoga yangu akanikumbatia mpaka nikakosa hewa, na yeye mwenyewe hakufaulu, pamoja na wanja wake wote. Nikacheka, nikalia, nikasema alhamdulillahi, nikauliza safari lini.

Bwana akamtazama mkuu, na mkuu akatazama dirishani.

"Nafasi za mwaka huu zimeshajaa," bwana akasema. "Majina yalikwishapelekwa. Pole sana. Labda mwakani, mfanye tena."

"Lakini nimefaulu."

"Umefaulu."

"Basi kwa nini siendi?"

"Kwa sababu nafasi hakuna."

Nilimwuliza tena kwa maneno mengine, akanijibu yale yale. Alikuwa mtu mwema, sikumwonea ubaya. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikijaribu kutunga la kumwambia baba. Nilizunguka soko la Darajani mara mbili bila kujua.

Nyumbani kulikuwa siku ya unga. Baba alikuwa mbele ya tanuri, mama anapanga boflo kwenye sinia.

"Baba, wamesahihisha upya. Nimefaulu."

Mama akapiga kigelegele. Baba akajipangusa mikono, uso wake umefunguka kwa namna nisiyopata kuiona. "Nilisema!" akasema. "Safari lini? Niliahidi bandarini, mwenyewe, na sanduku."

"Siendi, baba. Nafasi zimejaa."

Akanitazama. Akamtazama mama. Akakaa juu ya gunia.

"Sasa umefaulu au umefeli?"

"Sijui, baba."

"Ukifeli nilikuwa najua la kukwambia. Ukifaulu nilikuwa najua la kukwambia." Akajifuta macho kwa kiganja, unga ukamjaa usoni. "Hili, mwanangu, mie sijui."

Nikamwambia, "Bwana anasema mwakani nifanye tena. Lakini wewe ulisema mara moja."

Mama akaondoa mikate iliyokuwa ikiungua. Kisha baba, mtu asiyerejea neno, akasema, "Hiyo haikuwa mara. Hiyo ilikuwa mashine. Wewe mara yako bado."

Nikaenda Makunduchi na mara yangu. Nilisomesha hesabu, na watoto wa kule walikuwa na akili za kutisha. Kila nikipata nafasi napanda gari la shamba nakuja mjini, na nikishaamkia tu, baba ananiuliza, "Tangazo la mtihani limetoka?"

"Bado, baba."

"Basi hujafanya bado."

Mwaka uliofuata tukasikia mashine imeachwa, wanarudi kwenye karatasi. Nikafurahi. Kisha tukasikia walimu waliokwisha kupangiwa skuli hawaruhusiwi mpaka watumikie kwanza. Kisha tukasikia wanaruhusiwa, lakini wa masomo mengine. Nikaandika kuuliza, nikaambiwa ningoje. Nilikuwa sielewi nani anapanga na anapanga nini, na kila niliyemwuliza alikuwa haelewi kuliko mie. Na kila nikija mjini: "Tangazo?" "Bado." "Basi hujafanya." Alikuwa akilisema kwa nguvu, hata mbele ya wateja, wapate kusikia kwamba binti yake hajafeli.

Siku moja nikaja kama kawaida. Nikamwamkia baba, akaitikia. Akaniuliza habari za Makunduchi, nikampa. Akaniuliza kama watoto wanasoma, nikamwambia wanasoma. Akaniuliza kama kisima kimerudi kuwa na maji, nikamwambia kimerudi. Nikangoja. Akanimiminia chai, akanikatia boflo, akaniuliza nitalala au narudi na gari la jioni.

Tangazo hakuliuliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefeli.